Paka na Shombo la Dagaa: Namna ya Kuielewa Pua Yake na Kumlinda na Chungu Chako

Anayefuga paka Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, hawezi kuyatenganisha maisha ya mnyama huyo na shombo la dagaa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, hufikishwa kwenye mialo ya Kibirizi, Katonga na Ujiji alfajiri, huanikwa mchangani au kwenye vichanja kutwa nzima, na jioni hukaangwa kwa mawese katika nyumba ambazo madirisha yake yako wazi kwa sababu ya joto. Kwa hiyo paka huishi ndani ya harufu hiyo tangu kunapokucha hadi watu wanapolala. Wengi wetu tumeamini kwamba paka anajua mwenyewe kinachomfaa: akikikimbilia chakula ni kizuri, na akikinusa kisha akarudi nyuma kina kasoro. Niliifuata imani hiyo kwa miaka mingi, na paka wangu akaugua kwa sababu yake. Pua ya paka humjulisha kwamba mbele yake kuna samaki. Haimjulishi kwamba samaki huyo amekaangwa pamoja na vitunguu. Hilo la pili ni kazi ya mwenye nyumba, na maelezo yanayofuata yanahusu namna ya kuifanya.

Mwangalie anavyonusa kabla hujamwekea chakula

Weka chakula kidogo kwenye kisahani, kisogeze hatua mbili kutoka alipo, kisha utulie. Paka haongozwi na ulimi kama sisi. Ulimi wake una vionjo vichache sana kuliko wa binadamu, na mwaka 2005 watafiti walionyesha kwamba jeni mojawapo ya zile zinazohitajika ili kuonja utamu imeharibika kwa paka wa nyumbani, na hata kwa chui milia na duma, ndiyo maana kipande cha muwa au ndizi mbivu hakimvutii. Anachokitambua vizuri ni ladha ya nyama na samaki. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba paka ana vipokezi vya ladha hiyo nzito ya nyama, na kwamba hupenda hasa mchanganyiko wa viambata vinavyopatikana kwa wingi katika samaki aina ya jodari. Hata hivyo, chakula hakifiki ulimini mpaka pua iwe imekikubali kwanza.

Yapo matendo ambayo huchukuliwa kuwa ni kitu kimoja ilhali ni tofauti. Paka akiacha mdomo wazi kidogo, akainua mdomo wa juu na kutulia kama aliyepigwa na bumbuazi, hajachukizwa. Anaivuta harufu kuipeleka kwenye kiungo kilichopo juu ya kaakaa, ambacho Ludvig Jacobson wa Denmark alikieleza mapema katika karne ya 19 na ambacho hadi leo kinaitwa kwa jina lake. Mara nyingi hukitumia kuchunguza mikojo na alama za paka wengine, lakini harufu ngeni ya chakula nayo huweza kumfanya afanye hivyo. Mwache amalize.

Paka akikuna sakafu kuzunguka sahani kana kwamba anafukia kinyesi, watu husema anakidharau chakula. Tafsiri hiyo haina msingi wa kutosha, kwa kuwa paka wa mwituni pia hufukia mabaki ya mawindo yao ili wayarudie baadaye au ili harufu isiwaite wanyama wengine. Kiondoe chakula, kifunike, na umrudishie baada ya saa moja au mbili, ilimradi hakijakaa kwenye joto.

Jambo la kulichukulia kwa uzito ni paka anayepiga chafya, anayefumba macho, anayetoa udenda, au anayekakamaza koo kama anayetaka kutapika mara tu anapokisogelea kitu. Harufu ya siki, ya kitunguu kilichotoka kukatwa au ya pilipili inayokaangwa haiishii kwenye neva za kunusa peke yake. Huwasha pia neva za maumivu za uso, zile zile zinazotufanya tutokwe na machozi jikoni. Kumsogezea paka vitu hivyo puani ili watu wacheke ni kumtesa, na sioni sababu ya kuliita mchezo. Watoto waelezwe hivyo waziwazi.

Vitunguu ndani ya mchuzi wa dagaa

Sehemu hii naomba isomwe pole pole, kwa kuwa inaeleza jambo linaloweza kumuua paka bila mwenyewe kujua sababu.

Dagaa wa Kigoma hupikwa kwa namna nyingi, lakini pishi la kawaida ni la mawese, nyanya, kitunguu maji, na mara nyingine kitunguu saumu kilichotwangwa. Mabaki ya pishi hilo ndiyo chakula cha kawaida cha paka wa nyumbani: ugali uliobaki, mchuzi juu yake, na vichwa vya dagaa. Paka hukila chote, kwa sababu shombo la dagaa na mafuta huifunika harufu ya vitunguu ambayo ingekuwa peke yake angeikimbia. Paka yule yule anayerudi nyuma ukimwonyesha kitunguu kibichi atalamba sahani yenye kitunguu hicho kikiwa kimeiva na kuchanganyika na samaki.

Vitunguu vya aina zote, vikiwemo majani yake na saumu, vina viambata vya salfa ambavyo huharibu chembe nyekundu za damu. Damu ya paka ni dhaifu mbele ya viambata hivyo kuliko ya mbwa, na kuliko ya binadamu kwa mbali zaidi. Kiasi cha gramu 5 za kitunguu kwa kila kilo moja ya uzito wa paka kinatosha kuleta madhara yanayopimika katika damu. Kwa paka wa kilo 3 hiyo ni gramu 15, yaani chini ya robo ya kitunguu cha kadiri. Saumu ina nguvu zaidi, kwa hiyo kiasi chake cha kudhuru ni kidogo zaidi. Kupika hakuiondoi sumu hiyo, kukausha hakuiondoi, na unga wa vitunguu unaouzwa dukani katika viungo vya mchuzi ni mbaya kuliko kitunguu chenyewe, kwa kuwa umekolea. Tena paka hahitaji kula kiasi hicho kwa mara moja. Anayepewa mchuzi kidogo kila jioni hujikusanyia madhara taratibu.

Dalili hazionekani siku ile ile, na hapo ndipo tunapopotea. Hujitokeza baada ya siku kadhaa, wakati mwenye paka ameshasahau alichompa: paka huwa mnyonge, huhema haraka hata akiwa amelala, hukataa kula, mkojo wake huwa na rangi ya kahawia au nyekundu, na ufizi wake, ambao kwa kawaida ni wa waridi, hupauka. Paka wangu alifika hatua hiyo baada ya majuma ya sikukuu ambapo chungu hakikukosa vitunguu hata siku moja. Nilidhani ni minyoo. Afisa mifugo alipomfunua mdomo akaniuliza kwanza kuhusu chakula, nikaona aibu kumjibu. Paka yule alipona, lakini ilichukua majuma kadhaa ya uangalizi, na tangu hapo nimekuwa nikiinua mdomo wa paka wangu kila Ijumaa kuangalia rangi ya ufizi. Ni tendo la sekunde chache ambalo ningependa kila mfugaji alizoee.

Namna ya kuepuka yote haya haina gharama. Dagaa wa paka watolewe kabla ya kitunguu kuingia sufuriani. Mpishi anapomaliza kuwachambua na kuwaosha, atenge wa paka pembeni na kuwachemsha kwa maji matupu katika kisufuria kidogo juu ya mkaa uliobaki. Ikiwa umechelewa na mchuzi umeshaungwa, usijaribu kuokota vipande vya vitunguu na kumpa paka kilichobaki, kwa sababu viambata vimeshaingia kwenye mchuzi wote. Siku hiyo mpe yai lililochemshwa au kipande cha nyama isiyoungwa.

Niongeze onyo moja linalohusiana na hili. Paka anapoonekana mnyonge, wapo wanaompa kipande cha kidonge cha paracetamol kwa huruma. Usifanye hivyo kamwe. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo, na huharibu damu yake kwa njia inayokaribiana na ya vitunguu, ila kwa kasi kubwa zaidi. Kidonge kimoja cha mtu mzima kinaweza kumuua.

Kumwandalia dagaa na migebuka

Dagaa wabichi wa mwaloni ndio wanaomvuta paka kuliko chochote, na ni desturi kumrushia wachache mitumbwi inaposhusha. Wachache kwa siku moja moja hawatamdhuru paka mzima, lakini kumfanyia samaki wabichi kuwa chakula cha kila siku kuna hatari, kwa sababu baadhi ya samaki wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Paka aliyepungukiwa na vitamini hiyo hupoteza hamu ya kula, kisha huyumba, huinamisha kichwa kuelekea kifuani, na mwishowe hupata degedege. Moto hukiua kimeng'enya hicho. Jua halitoshi: kuanika si kupika, na dagaa mkavu wa gunia achemshwe kama dagaa mbichi.

Chambua kwanza, uondoe mchanga, changarawe na vipande vya nyasi, kwa maana dagaa walioanikwa chini huja na vyote hivyo. Waoshe kwa maji baridi haraka haraka. Kama hawakutiwa chumvi, wachemshe dakika kumi hivi na uhifadhi supu yake umpe paka pamoja na dagaa, kwa kuwa taurini, kirutubisho ambacho paka hawezi kujitengenezea cha kutosha na ambacho upungufu wake humpofusha na kuudhoofisha moyo wake, huyeyuka na kuingia katika maji ya kuchemshia. Ukiyamwaga maji hayo umemwaga sehemu ya chakula. Kama walitiwa chumvi, mambo hubadilika: waloweke, mwaga maji, uwachemshe, na mwaga hayo pia. Migebuka, samaki wa ziwani wakubwa kuliko dagaa, iliyokaushwa kwa moshi na kutiwa chumvi nayo ni hivyo hivyo, tena uondoe miba mikubwa kwa mkono, kwani miba ya mgebuka si laini kama ya dagaa na huweza kukwama kooni.

Ugali mchanganye kidogo tu. Paka ni mla nyama, na ugali wenye harufu ya dagaa humshibisha bila kumlisha. Ataendelea kuumaliza kwa sababu pua inamwambia ni samaki, huku mwili ukikosa protini. Kwa upande mwingine, samaki peke yao mwaka mzima, hasa wenye mafuta mengi, humpunguzia vitamini E na kusababisha uvimbe wenye maumivu katika mafuta ya chini ya ngozi. Siku mbili au tatu katika juma mpe kitu kingine: utumbo au maini kidogo ya kuku, moyo wa ng'ombe, yai lililoiva.

Samaki aliyeanza kunuka asiwe fungu la paka. Dagaa waliokaa hadi alasiri kwenye joto bila kuanikwa hutengeneza histamini, kiambata chenye sumu ambacho hakiondoki kwa kuchemsha, na paka mwenye njaa hatawakataa. Kipimo ninachokitumia ni kwamba nisichoweza kumpa mtoto wangu sikipeleki kwa paka.

Vilevile usiache wazi chombo cha mhogo ulioloekwa. Harufu ya kivunde ni kali, na paka wengi huipita mbali, lakini paka mwenye kiu hunywa popote, na maji yaliyolowekea mhogo mchungu yana sumu.

Kumzuia asile dagaa walioanikwa

Adui wa vichanja vya dagaa si njaa ya paka peke yake. Mchanga wenyewe humwalika ajisaidie, na hilo ni baya kuliko wizi, kwa kuwa kinyesi cha paka huweza kubeba vimelea vya toksoplasma, ambavyo ni hatari hasa kwa mama mjamzito na mtoto aliye tumboni. Vimelea hivyo huhitaji siku moja hadi tano nje ya mwili ndipo viweze kuambukiza, kwa hiyo kinyesi kiondolewe siku ile ile kwa koleo, na mjamzito asiifanye kazi hiyo.

Anayeanika nyumbani atengeneze kichanja cha kimo cha kiuno, miguu yake iwe mbali na ukuta, ngazi au tangi ambalo paka anaweza kurukia. Juu yake tandika chandarua cha kuvulia kilichokwisha kazi, ukivute kikakaze bila kuwagusa dagaa, kwa sababu kikiwalalia paka atawafyonza kupitia matundu. Kisha mlishe paka kabla ya kuwatandaza dagaa, si baada. Paka aliyeshiba bado ataisikia harufu, lakini hatakuwa na haraka, na mara nyingi atachagua kivuli.

Wapo wanaotumia harufu nyingine kumfukuza. Maganda mabichi ya limau au chungwa yakiwekwa miguuni mwa kichanja husaidia kwa muda, kwani paka wengi hawaipendi harufu yake, ila yakikauka hayana kazi tena na lazima yabadilishwe kila siku. Usitumie mafuta yaliyokamuliwa ya machungwa, karafuu au mikaratusi. Paka akiyakanyaga atajilamba, na ini lake halina uwezo wa kuyatoa mwilini. Mafuta ya taa huunguza ngozi na mapafu, pilipili ya unga huunguza macho, na sumu ya panya iliyopakwa kwenye samaki inaweza kumuua paka, kuku wa jirani, na hata mtoto. Kuusugua uso wa paka kwenye samaki aliyemwiba hakumfundishi lolote isipokuwa kukuogopa.

Ukimnyang'anya paka samaki naye akakuuma, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama paka ni wako na jeraha ni dogo. Kichaa cha mbwa huambukizwa na paka pia.

Paka mgonjwa asiyesikia harufu

Hapa harufu kali huwa tiba. Paka mwenye mafua huziba pua, na asiposikia harufu hali, hata chakula kikiwa mbele yake. Mfute pua kwa kitambaa safi kilichochovywa katika maji ya uvuguvugu mpaka ukoko ulainike. Chemsha dagaa au kipande cha mgebuka bila chumvi, usage au uponde kwa mwiko, uongeze supu yake, na umpe kikiwa na joto linalokaribia la mwili wake, yaani nyuzi 38 hivi. Ukikidondoshea nyuma ya kiganja usisikie moto wala baridi. Joto huipandisha harufu, na chakula kile kile alichokikataa kikiwa kimepoa huweza kumfanya ainue kichwa. Mpakie kidogo mdomoni ajilambe. Usimmiminie kooni, maana anaweza kupaliwa.

Paka mzima asipokula kwa siku mbili apelekwe kwa daktari wa mifugo, na kitoto kisipokula kwa siku moja. Kwa paka mnene hasa, kukaa bila chakula huyapeleka mafuta ya mwili kwenye ini, na ini likishajaa mafuta ni vigumu kumwokoa.

Wakati dagaa wanapoadimika

Mwezi unapokuwa mpevu taa za wavuvi hazifui dafu, na dagaa hupungua mwaloni. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, na paka ambao hawakuwahi kula kingine walipata taabu. Kitoto cha paka huzijua harufu za vyakula vya mama yake tangu tumboni na kupitia maziwa, kwa hiyo kinachozaliwa Ujiji kimeshalizoea shombo kabla hakijafumbua macho. Baadaye chakula kisichonuka samaki hukiona kama si chakula.

Unapoona dagaa wanaanza kupanda bei, usisubiri gunia liishe. Siku mbili za kwanza changanya robo ya chakula kipya, kwa mfano moyo wa ng'ombe uliochemshwa na kukatwakatwa, na robo tatu za dagaa. Siku mbili zinazofuata ziwe nusu kwa nusu. Kisha robo tatu ya kipya kwa siku mbili nyingine, na siku ya saba mpe kipya kitupu, kikiwa na vuguvugu, na juu yake nyunyiza dagaa mmoja mkavu aliyechemshwa, akakaushwa tena na kusagwa. Chakula hicho kiweke kwenye bakuli la udongo au la bati, kwa sababu la plastiki hushika shombo la zamani hata baada ya kuoshwa, na paka atakaa akilamba bakuli tupu akiwatafuta dagaa wa juma lililopita.